Zamu ya Uzio

Mtu akikuambia Dubai hakuna mizimu kwa sababu kuna taa nyingi, mwulize anakaa ghorofa ya ngapi. Wa ghorofa za juu wana haki ya kusema watakalo. Elisante alikaa chumba cha watu sita kule Al Qusais, katika kambi ya kampuni ya ulinzi, ghorofa ya chini jirani na bafu, na kwa miaka minane alioga jicho moja likiwa wazi hata sabuni ikimwingia. Mwisho wa safu ya mabomba, pale vigae vilipobanduka, marehemu mdogo wake alikuwa akisimama na ndoo.

Hakuja kila siku. Angekuja kila siku pengine angezoeleka, maana binadamu huzoea hata kunguni. Alikuja pale maji yalipoachwa yatiririke kwa muda. Khanga yake ilikuwa imelowa hadi magotini, ndoo ya njano ameiweka chini, na yeye amegeukia ukuta, mtulivu, anasubiri foleni. Hakumtazama kaka yake wala hakusema neno. Elisante akifunga bomba, alikuwa hayupo, na sakafu pale aliposimama ilikuwa kavu.

Wenzake hawakujua lolote la hayo. Walijua tabia yake moja tu, kwamba alikuwa mtu wa kutikisa vitu. Kabla ya kupanda kitanda chake cha juu alishika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa. Kwenye metro alijaribu chuma cha kushikilia kabla hajakitegemea. Kwenye ghala alilolinda kule Jebel Ali, kila zamu ilipoanza alizunguka uzio wa waya akitikisa nguzo moja baada ya nyingine, mpaka arbab, bosi wake, akamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye mlinzi anayejua kazi. Zephania, Mgogo wa Dodoma aliyelala kitanda cha chini yake, alimbandika jina la Mkaguzi. Elisante alicheka pamoja nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema huchukua miaka mingapi, na mtu asiyeumbuliwa mapema huanza kudhani amesamehewa.

Ili uelewe, lazima uijue Lusenga. Ni mji wa wavuvi, pale mto unapoingia Ziwa Rukwa. Usiutafute kwenye ramani ya simu, utaonyeshwa rangi ya kijani na basi. Maji ya ziwa yana magadi, hayanyweki, kwa hiyo watu huchota mtoni, na mtoni kuna mamba. Wenyeji hawamtaji kwa jina wakiwa karibu na maji, humwita Mwenye Mto. Ili waweze kuishi naye, wazee wa zamani walijenga uzio: miti iliyosimikwa ndani ya maji kwa nusu duara kutoka ukingo hadi ukingo, ikafungwa kwa waya, na ndani yake mwanamke anaweza kuinama na ndoo akainuka mzima. Kila kaya ina kipande chake. Zamu ya kaya ikifika, mwanamume wa nyumba huingia majini hadi kifuani, akatikisa mti mmoja mmoja, uliooza akautoa, akasimika mpya, halafu akafunga kitambaa chekundu juu ya kipande chake. Kitambaa kikionekana, wanawake huteremka mtoni wakipiga soga zao bila wasiwasi.

Sheria ni mbili. Ya kwanza, mti wenye kitambaa hautikiswi na mtu mwingine. Kuutikisa ni kumwita mwenye kipande muuaji mbele ya mji mzima. Ya pili, mtu akichukuliwa, uzio wote hung'olewa siku hiyohiyo ukachomwa moto, na ni mwiko milele kuuliza kipande kilichopenywa kilikuwa cha nani. Wazee waliona mbali, maana ukiuliza utazika wawili. Ni sheria yenye huruma. Elisante aliishi ndani ya huruma hiyo miaka minane, na hakuna siku iliyomwacha alale vizuri.

Siku moja kabla hajasafiri kuja Dubai, zamu ilikuwa ya kwao. Baba yao alishafariki, mwanamume wa nyumba alikuwa yeye. Alikuwa na miaka ishirini na minne, pasipoti mfukoni, marafiki wanamsubiri wamwage pombe ya kuagana. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua, maji mazito ya tope. Kipande chao kilianzia ukingoni, kwa hiyo mkono ulifika. Alishika mti wa kwanza, akauona mgumu, akasema moyoni kwamba mingine nayo itakuwa hivyohivyo. Akafunga kitambaa, akapanda kwenda kunywa. Alfajiri yake akaondoka. Siku ya pili, yeye akiwa ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam, Yuliana, mdogo wake wa miaka kumi na tisa, alishuka mtoni kuchota maji ya kuoshea masufuria ya sherehe ya kumuaga kaka yake. Hakupanda tena.

Hayo ndiyo Elisante aliyoyajua peke yake, na hayo ndiyo yaliyomfanya asirudi kwao. Watu walidhani amenogewa na Uarabuni. Likizo zake alizikalia kambini, akamwambia mama yake kwa simu kwamba kampuni ni ngumu, na mama yake, Redempta, akajibu kila mara kwa neno moja, haya mwanangu, bila kumsukuma.

Kisha akaja Belinda.

Belinda alikuwa Mkenya wa Kitale, msusi katika saluni ndogo ya Al Baraha, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye mdomo usiojua likizo. Walikutana kanisani. Alimpenda Elisante kwa sababu alikuwa mpole na hakuwa na mambo mengi, na Elisante alimpenda kwa sababu pale alipokuwepo yeye hapakuwa na kimya, na kimya ndicho alichokiogopa. Walipokubaliana kuoana, Belinda aliweka sharti.

"Mimi siolewi na mtu ambaye sijawahi kukaa jikoni kwa mamake," alisema. "Nina likizo mwezi wa nne. Twende."

Elisante akamwambia likizo yake imekataliwa. Hakuwa ameiomba.

"Basi nitaenda solo," alisema Belinda. "Kwani kwenu ni mwezini?"

Jumapili moja mchana, wateja wakiwa wachache, alimkalisha Elisante kwenye kiti cha wateja, akafungua daftari juu ya goti.

"Haya, niambie. Niende aje nirudi nikiwa mzima?"

Tuseme ukweli, kama kuna kazi Elisante angeiweza hapa duniani ni hiyo. Alimpangia safari kwa uangalifu wa mtu anayelipa deni asiloweza kulitaja. Alale Mbeya, asipande gari la mchana kwenda bonde la Rukwa, apande la alfajiri, kwa sababu gari hukwama na porini si mahali pa kukutwa na giza. Achukue mabuti ya mvua, maana udongo mweusi wa kule unavua watu viatu na hauvirudishi. Dawa ya malaria aanze kabla hajaondoka, chandarua abebe chake. Maji ya kunywa ayaone yakichemka kwa macho yake mwenyewe, asiambiwe tu kwamba yalichemka. Jioni atembee na tochi na asitembee peke yake, kwa sababu viboko hutoka kula majani na hupita njia zilezile za watu.

"Nikikutana na kiboko?"

"Usisimame kati yake na maji. Mpishe arudi kwake."

Belinda akaandika. Elisante akaendelea. Kwenye mtumbwi akae katikati, asining'inize mkono. Upepo wa ziwa huamka mchana, kwa hiyo saa sita imkute nchi kavu. Asisimame karibu na wanapopasulia samaki, harufu ya damu ina wateja wake. Asipite kwenye matete hata akiona wenyeji wanapita. Na asiende ukingoni saa ileile kila siku, kwa sababu yule hana saa lakini ana kumbukumbu.

"Yule nani?"

"Mamba." Alilitaja kwa sauti ya chini, ndani ya saluni isiyo na mto hata wa kuchorwa, na bado akajisikia ametukana.

"Na maji ya kuoga yanatoka wapi, kama mto uko na wenyewe?"

Ikabidi amweleze uzio, kipande, kitambaa na ile sheria ya kutotikisa. Belinda aliacha kuandika. Alimjua Yuliana kwa habari. Miezi ya mwanzo kabisa, alipoulizwa ndugu zake ni wangapi, Elisante alimwambia alikuwa na mdogo wake, mbishi, hakupenda kubanana na wenzake ndani ya uzio, akatoka nje kuchota, akachukuliwa. Uongo huo ulimtoka siku ile kwa urahisi mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Tangu hapo alikuwa ameurudia mara mbili tatu, na kila alipourudia mdogo wake alizidi kuwa mbishi.

"Kwa hivyo Yuliana angebaki ndani, angekuwa mzima," alisema Belinda taratibu.

"Ndiyo."

"Na hicho kitambaa hakijawahi kudanganya?"

Nyuma ya Belinda palikuwa na beseni la kuoshea nywele. Msichana wa kazi alikuwa akisuuza kichwa cha mteja, bomba limeachwa wazi, maji yanakwenda, yanakwenda. Elisante aliona upindo wa khanga iliyolowa chini ya pazia la stoo. Miaka minane Yuliana hakuwahi kutoka nje ya bafu la Al Qusais. Sasa alikuwa Al Baraha mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza alikuwa amegeuka. Hakuonekana na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza anavyosemwa.

"Hata siku moja," alijibu Elisante.

Belinda aliandika, Penye kitambaa ni salama, akapiga mistari miwili chini yake.

Alimsindikiza uwanja wa ndege kwa metro. Belinda alimkumbatia, akamwambia asihuzunike, atamletea samaki mkavu. Elisante alikuwa na nafasi ya kusema pale, na kwenye foleni ya mizigo, na hata mlangoni alipogeuka kupunga mkono. Alikaa kimya, na hakuwa na kisingizio isipokuwa woga. Aliogopa kupoteza mwanamke, aliogopa mama yake asikie, aliogopa kujulikana. Woga wa namna hiyo huwa haumlindi mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenyewe.

Siku zilizofuata ujumbe uliingia hatua kwa hatua. Niko Dar. Niko Mbeya, baridi hii hukuniambia. Picha ya mabuti yenye tope hadi juu, na maneno, Umenipangia vizuri, acha ulinzi ufungue kampuni ya utalii. Elisante aliusoma kwenye lango la ghala saa ya mapumziko, akatabasamu, kisha akainua macho na tabasamu likamfia mdomoni.

Yuliana alikuwa Jebel Ali. Hapakuwa na bomba, hapakuwa na maji, palikuwa na lami na makontena na jua la mwezi wa nne. Alikuwa mbali, kwenye kona ya mwisho ya uzio wa waya, na alikuwa akitikisa nguzo. Alishika moja kwa mikono miwili, akaitikisa, akahamia ya pili. Siku ya kwanza alimaliza upande wa nyuma. Siku ya pili alikunja kona. Siku ya tatu Elisante aliweza kuuona mkono wake, ngozi imenyauka kwa kukaa majini, ukijaribu chuma kwa uangalifu ambao yeye hakuwahi kuwa nao. Alikuwa anakuja kwenye lango, nguzo kwa nguzo. Elisante aliacha kuzunguka uzio. Arbab akamwuliza kama anaumwa, akasema hapana, akabaki amekaa kibandani.

Jioni ya siku ya nne, alipochukua simu yake baada ya zamu, alikuta ujumbe wa sauti. Belinda alikuwa amefika Lusenga. Aliongea haraka kwa sababu ya mtandao.

"Nimefika, mamako amenipokea vizuri, amenikumbatia hadi nikalia. Nikampa pole ya Yuliana. Nikamwambia ninasikitika, Elisante aliniambia vile alikuwa mbishi akatoka nje ya uzio. Akaniuliza, nani kasema? Nikamwambia ni wewe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Tangu hapo hajaongea. Kwani nimesema kitu kibaya? Halafu mbona hukuniambia mchumba lazima achote ndoo ya kwanza mwenyewe? Maji ya kuoga ya mama mkwe, asubuhi, kabla hajapewa kiti. Lakini usijali, nimeenda kuangalia kwa mbali, vitambaa viko vyote, vyekundu kabisa..." Hapo sauti ikakatika.

Ile desturi ya ndoo ya kwanza ilikuwa imemtoka Elisante kichwani, kwa kuwa ni mambo ya wanawake na hakuwahi kuyafuatilia. Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga ya mama yake. Haikupatikana. Kwao mtandao unashikika sehemu moja tu, kwenye kilima cha kanisa, na watu hawalali kanisani. Usiku huo tuuruke. Hakuna aliyelala chumba kile, Zephania ni shahidi.

Asubuhi, saa moja na nusu ya Dubai, simu ikaita. Elisante alikuwa kwenye korido, watu wamepanga foleni ya bafu na taulo mabegani.

"Hello? Ongea haraka," alisema Belinda. "Tuko hapa kanisani tunashuka, niko na ndoo, wamama wananisindikiza. Nimekuweka kwa spika."

"Usiende majini."

"Aki wewe. Vitambaa viko."

"Tikisa miti kwanza. Mmoja mmoja, uzio wote."

Kukatokea minong'ono. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, huyu anasema nini?

Belinda akashusha sauti. "Elisante, hapa wananiangalia vibaya. Si wewe uliniambia hayo ni matusi?"

"Ni matusi. Tikisa."

"Lakini kwa nini?"

Njia ya kukwepa ilikuwepo. Angeweza kusema ameota ndoto mbaya, na wanawake wa Lusenga wangecheka, wakamwona mchumba mwenye woga wa ajabu, na Belinda angeshuka mtoni kama kawaida. Alitazama foleni. Zephania alikuwa na mswaki mdomoni. Nyuma ya Zephania, kwenye mlango wa bafu, bomba lilikuwa limeachwa wazi na maji yalikuwa yanakwenda.

"Kwa sababu kitambaa kinadanganya," alisema. "Mimi nilishakifanya kidanganye. Kipande kilichopenywa kilikuwa chetu. Zamu ilikuwa yangu, na sikuingia majini. Nilisimama ukingoni nikafunga kitambaa nikaenda kunywa pombe. Yuliana hakutoka nje ya uzio, Belinda. Alikuwa ndani. Alikuwa mahali pake. Hakuwa mbishi hata kidogo, mtoto yule. Nilikudanganya wewe, na nilimsingizia yeye."

Alisikia ndoo ikiwekwa chini, mpini ukigonga plastiki. Kisha mtandao ukakatika, au mtu akaukata, hakujua.

Zephania alitoa mswaki mdomoni.

"Elisante," alisema, hakumwita Mkaguzi. "Basi la kazini linaondoka. Yalla, twende."

Kule ghalani simu zilikaa kwenye sanduku la ofisi mpaka mapumziko ya saa sita. Asubuhi yote Elisante alisimama langoni bila kujua kama Belinda yuko hai. Angekuwa mtu wa sala angesali, lakini kila alipoanza aliona aibu. Yuliana alikuwa amemaliza mzunguko wake. Alikuwa kwenye nguzo ya mwisho, ile inayoshikana na kibanda cha mlinzi, mkono mmoja ameuweka juu yake bila kuitikisa. Hatua tatu tu kati yao. Elisante aliogopa, lakini safari hii hakutazama pembeni.

"Nisamehe," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake katika miaka minane. Malori yaliingia, malori yakatoka, Elisante akaandika namba zao, na Yuliana akabaki palepale.

Saa sita alipopewa simu ilikuwa inaita. Namba ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hata siku ile ilibidi waanzie hapo. Kulikuwa na upepo, upepo wa kilimani. "Mchumba wako ni mzima. Yuko nyumbani, amelala, amelia sana. Ndoo hatukumpa."

Elisante alikaa chini, palepale kwenye lami, na lami ilikuwa ya moto.

"Wanawake niliokuwa nao kilimani walisimama," aliendelea Redempta. "Hakuna aliyetaka kugusa mti wa mwenzake. Wengine walisema umerukwa na akili. Basi nikavua khanga ya juu nikaingia mimi. Nimeanza na kipande chetu, kile anachokifanya binamu yako. Kizima. Nikahamia kinachofuata. Miti minne imetoka mkononi mwangu, Elisante. Minne. Ndani imeoza yote, na kitambaa juu yake ni kipya, bado kina mikunjo ya dukani."

"Cha nani?" Lilimtoka kabla hajajizuia.

"Hatuulizi."

Alisikia mama yake akivuta pumzi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, na pengine mji mzima ulikuwa umepona siku ile kwa sababu ya mwanamke wa Kitale na ndoo yake. Lakini Elisante hakusikia kupona kokote katika sauti ile.

"Mama," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Yuliana."

"Ngoja," alisema Redempta. "Mimi nimepanda kilima na magoti haya ili na mimi niseme. Usinikatishe."

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyapanga njiani.

"Asubuhi uliyoondoka nilikunja nguo ulizoacha. Suruali uliyoshinda nayo siku ya zamu ilikuwa kavu. Haikuwa na tope hata kwenye upindo. Mtu aliyetoka kwenye mto ule, wakati ule, na suruali kavu. Nilielewa kabla hujafika barabara kubwa."

"Nikajiambia, nikipiga kelele leo, mji utamlaani mwanangu akiwa safarini. Nitamwomba mtu kimyakimya akaangalie kesho. Nyumba ilikuwa imejaa wageni wako, huyu anadai chai, huyu anaaga, na kesho ikafika sijamwomba mtu. Miaka yote hii ulipokuwa hurudi, nilidhani umejua kwamba nilijua. Nilidhani unanikimbia mimi."

Upepo ukapiga simu, akasubiri upite.

"Masufuria yalikuwa yamejaa uani. Yuliana akaja na ndoo, akaniuliza, mama, niende mtoni sasa hivi au nisubiri wenzangu? Nikaikumbuka ile suruali, naapa nikaikumbuka. Halafu nikamwona mgeni mwingine anaingia." Sauti yake ikashuka mpaka ikambidi Elisante aibane simu sikioni. "Nikamwambia, nenda."